Peugeot ya mzee na cheche iliyopotea

Nimekuwa kimya wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika, mmoja kaniuliza kama nimeoa. Si hivyo wala vile. Nilikuwa Morogoro, nimeinama chini ya boneti ya Peugeot 504 ya mwaka 1979, na mikono yangu mpaka leo inanuka petroli.

Gari lenyewe ni la mzee wangu. Alilinunua mwaka 1985 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na sisi watoto wote wanne tumepelekwa shule, hospitali na misibani na gari hilo hilo. Kwa miaka miwili iliyopita limekuwa linamisi. Kwa asiyejua lugha ya gereji, gari kumisi ni pale silinda moja au zaidi inapopata hewa na petroli yake kama kawaida lakini moto usiwake, au uwake nusunusu. Injini inakohoa, gari linakosa nguvu, linatikisika kama mtu mwenye kwikwi, na mara nyingine linapiga risasi kwenye ekzosi mpaka watu wa kando ya barabara wanainama.

Ugonjwa wake ulikuwa na tabia. Asubuhi linawaka kwa mguso mmoja. Tukitoka Morogoro kuelekea Dar, Mikese tunapita linaimba. Tukikaribia Chalinze linaanza kukohoa, hasa ukikanyaga mafuta ulipite lori. Hapo ndipo pabaya: uko upande wa kulia wa barabara, basi linakuja mbele yako, na gari limeamua kupumzika. Mama ana kliniki Dar kila mwezi. Mara ya mwisho ilipotokea alikuwa kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo akasema yeye atapanda basi. Mzee akanyamaza. Wiki iliyofuata nikasikia amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje apime.

Nikapanda basi kwenda Morogoro.

Kabla yangu walikwishapita mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi na kusafisha kabureta. Wa pili alibadilisha pointi na kondensa, gari likapona siku tisa, likaumwa tena, akabadilisha pointi nyingine, likapona siku tisa tena. Pia aliichukua koili, akaenda nayo dukani kama sampuli, akarudi na mpya inayofanana nayo kama pacha. Wa tatu ni kijana wa kisasa mwenye kile kidude cha kupimia magari kwa kompyuta. Alipiga magoti akatafuta soketi chini ya usukani kwa dakika tano nzima. Mzee alimwacha atafute. Kisha akamwambia, "Mwanangu, gari hili lilikuwa linatembea kabla baba yako hajaoa."

Lakini yule kijana nilimwelewa, maana soketi anayoitafuta ina historia, na ndiyo historia iliyonifanya niandike haya. Swali la "cheche imepotelea wapi" ni la zamani kuliko gari lenyewe.

Mwaka 1860 huko Paris, Étienne Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji, alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Cheche ilitoka kwenye koili ya Ruhmkorff, ambayo ni babu wa koili zote za magari: waya mnene wenye mizunguko michache, juu yake waya mwembamba wenye mizunguko maelfu. Ukikata ghafla umeme kwenye waya mnene, waya mwembamba unatoa umeme mkali wenye uwezo wa kuruka hewani. Kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, basi. Shida ni kwamba cheche ya Lenoir ilikuwa ya kubahatisha. Nikolaus Otto alipotoa injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, ile ambayo bado tunaitumia, aliukwepa umeme kabisa akarudi kwenye mwali wa moto. Daimler na Maybach nao wakatumia kijibomba kilichochomwa kwa nje mpaka kikawa chekundu. Fikiria mwenyewe: moto unawaka hadharani, pembeni yake petroli.

Kuna jambo lilinichekesha. Injini nyingi za mashineni za mwisho wa karne ya 19 zilitengenezwa zimisi kwa makusudi. Mwendo ukizidi, kidhibiti kinaizuia injini isiwake mipigo kadhaa mpaka ipungue kasi, kisha inawaka tena. Zilikuwa zinalia pa, pa, kimya, kimya, pa. Kwa fundi wa siku zile, kumisi kulikuwa dalili ya afya. Nilipomwambia mzee, alisema basi gari lake limezaliwa karne isiyo yake.

Karl Benz ndiye aliyerudi kwenye umeme. Gari lake la mwaka 1886 lilikuwa na betri na koili, na inajulikana kwamba uwashaji ulimsumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lile. Lakini aliyefanya uchunguzi wa kwanza barabarani ni mke wake. Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumuaga mumewe, akaenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Njia ya mafuta ilipoziba, aliizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ulipochubuka na kuanza kuvujisha, aliufunika kwa mkanda wa soksi zake. Hebu tazama alivyofanya: mafuta kwanza, kisha umeme, kila kimoja kwa wakati wake, kwa kifaa alicho nacho mwilini. Mafundi watatu wa mzee hawakufanya hivyo. Walibadilisha vitu.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1897 Robert Bosch akafunga magneto kwenye chombo cha barabarani, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaleta magneto ya umeme mkali pamoja na plagi. Magneto haihitaji betri, ndiyo maana ilipendwa, lakini ilikuwa ghali na ukizungusha injini polepole cheche yake ni dhaifu. Kisha akaja mtu wa Ohio, Marekani, anaitwa Charles Kettering.

Kettering ndiye aliyebuni mfumo uliomo ndani ya gari la mzee. Ulianza kwenye Cadillac za mwaka 1910: betri, koili, pointi, kondensa, distribyuta. Pointi ni viwashi viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga kwa kusukumwa na pembe za mhimili wa distribyuta. Zikifunga, umeme unajaa kwenye koili. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla, koili inatema cheche, rota inaipeleka kwenye silinda ambayo zamu yake imefika. Kondensa inazuia cheche isirukie kwenye pointi zenyewe na kuziunguza. Kwenye 504 yenye silinda nne, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo linatokea mara 100 kila sekunde. Kwa viwashi vyenye nafasi isiyofika nusu milimita. Mimi nashangaa siyo kwa nini magari ya zamani yalimisi, bali kwa nini yaliwaka.

Mfumo huo ulidumu zaidi ya miaka 60 bila kubadilika sana, lakini mwanzoni Kettering aliusumbukia kweli kweli. Wenye magari walianza kulalamika kwamba injini zinagonga, na wakasema kosa ni la mfumo wake mpya wa betri. Kwenye maabara aliyoiongoza ikaja kuonekana kwamba cheche haikuwa na hatia, tatizo lilikuwa petroli inayojiwasha yenyewe silinda ikibanwa. Kwa hiyo jina lake lilisafishwa. Ila dawa iliyopatikana mwaka 1921, pale msaidizi wake Thomas Midgley alipotia risasi kwenye petroli, iliitia sumu hewa ya dunia nzima kwa miaka mia moja. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli ya risasi ifikapo mwisho wa 2005, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Uchunguzi sahihi na tiba mbaya vinaweza kutoka kwenye meza moja. Hilo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa chini ya boneti.

Sasa turudi Morogoro.

Mzee ana rafiki yake Kihonda, fundi waya mstaafu. Sitamtaja jina, hapendi. Nilimfuata, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza dalili zote kama ninavyowahoji watu kazini. Aliniuliza swali moja: "Inamisi silinda ipi?" Sikujua. Akaniambia niende nikatafute, nikishapata nirudi.

Njia ya kutafuta ni ya kale kama Kettering mwenyewe. Unaiacha injini ipige sailensa, unachomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa wa silinda nzima, injini inazidi kuyumba. Ukichomoa wa silinda mbovu, hakuna kinachobadilika, kwa sababu ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Nilisubiri gari lipate moto kwa kulizungusha mjini saa nzima, nikalipaki, nikaanza. Mara ya kwanza silinda ya pili ndiyo iliyoonekana mbovu. Dakika tano baadaye ikawa ya nne. Baadaye ikawa ya kwanza. (Hapo tukagombana na mzee saa nzima, maana Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani nyuma, na mimi nilikuwa nahesabu kutoka mbele. Ugomvi wenyewe haukuwa na faida yoyote, ila kila mmoja alitaka kushinda.)

Nikarudi Kihonda nimevunjika moyo. "Mzee wangu, inahama," nikamwambia. "Haitulii silinda moja."

Akacheka. "Si ndiyo umepata jibu? Ugonjwa ukihama kwa watoto wote wanne, angalia chungu wanachokula."

Kumbe ndivyo. Plagi, waya wa plagi na valvu, kila silinda ina vyake. Kimoja kikifa, silinda hiyo hiyo itamisi leo na kesho. Ikiwa silinda zote zinapokezana, ubovu uko kwenye kile wanachokitumia pamoja: petroli na hewa, au koili, pointi, kondensa, rota. Na kwa kuwa gari liko zima likiwa baridi na linaumwa likiwa moto, anza na kile kinachopata joto.

Alikuja mwenyewe jioni, kwa bodaboda, amebeba mita yake kwenye mfuko wa rambo. Gari lilikuwa limetoka barabarani sasa hivi. Hakugusa kabureta. Alinyoosha mkono akaishika koili, akauondoa mara moja huku akiupuliza. Alifungua kifuniko cha distribyuta akanionyesha pointi mpya zilizofungwa wiki iliyopita: zimeungua, zimepata rangi ya bluu, upande mmoja umechimbika shimo na mwingine umeota kichuguu. Kisha akazima swichi, akachomoa waya wa koili, akapima ndani yake. Mita ikasoma ohm 1.5.

Sikuona ubaya wowote. Yeye akakaa kwenye tofali.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili, naiandika kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Koili ya kawaida ya volti 12 kwa gari la aina hii huwa na ohm kama 3. Volti 12 gawanya kwa 3, umeme unaopita ni ampea 4, na pointi zinaustahimili. Koili ya ohm 1.5 ikipewa volti 12 zile zile inapitisha ampea 8. Alteneta ikichaji ni zaidi ya hapo. Pointi zinaungua, koili inachemka, na koili iliyochemka cheche yake ni hafifu. Ukitembea polepole cheche hafifu inatosha. Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa, mgandamizo unapanda, na ili cheche iruke kwenye hewa iliyobanwa hivyo inahitaji umeme mkali zaidi, ambao koili haina. Ndiyo maana ilikuwa Chalinze, na ndiyo maana ilikuwa wakati wa kulipita lori.

"Hii koili siyo mbovu," fundi akasema. "Inakunywa umeme usio wake. Mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake ni nani? Hapo ndipo tulipoingia kwenye historia nyingine, ya kwetu.

Mzee ana kaunta buku ya gari. Tangu 1985 ameandika kila lita ya oili, kila pancha, kwa ule mwandiko wa watu waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Mimi mwandishi wa habari niliyezoea kuhangaika na nyaraka za watu wengine sikuwahi kuifungua. Tuliketi sebuleni, mzee akavaa miwani, tukarudi nyuma mwaka kwa mwaka. Tulipofika Agosti 1987 alisoma kwa sauti: koili ya zamani imekufa, ya Peugeot haipo Dar wala Moro, tumefunga ya Kijapani pamoja na rizista yake, fundi kasema zisitenganishwe.

Ili uelewe mstari huo inabidi ukumbuke miaka ile. Peugeot zilikuwa ndizo gari za heshima Afrika Mashariki. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell. 504 ikashinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Mzee anaweza kukuhesabia ukiwa umelala. Lakini mwaka 1978 hiyo hiyo vita vya Kagera vilianza, na vilipokwisha 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Vipuri vikawa hadithi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, 1985 akaingia Mzee Ruksa, na polepole mitaa ikaanza kujaa magari ya Kijapani na vipuri vyake. Mfaransa aliyekwama aliokolewa na koili ya Mjapani.

Na koili nyingi za Kijapani za wakati ule zilikuwa na ujanja wake. Unapowasha gari, stata inakula umeme mwingi mpaka volti za betri zinashuka, na cheche inadhoofika wakati unapoihitaji zaidi. Basi watengenezaji waliitengeneza koili ya ohm chache, inayotosheka na volti pungufu, wakaifungia njiani rizista ya kupunguza umeme. Wakati wa kuwasha, umeme unaipita rizista pembeni na koili inapata wote. Injini ikishawaka, umeme unapitia kwenye rizista na koili inapumua. Kwa macho ni kijiti cheupe kama kigae, kimefungwa kwenye bati kwa skrubu. Hakifanani na kitu chochote cha maana.

Tukatoka na tochi. Kwenye madigadi ya ndani, sentimita chache kutoka kwenye koili, kulikuwa na matundu mawili ya skrubu na alama safi ya mstatili mahali ambapo vumbi la miaka 30 na zaidi halikufika. Waya mbili zilizokuwa zinaingia hapo zilikuwa zimeungwa pamoja na kuviringishiwa utepe mweusi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja fundi waya alikuja kumfungia redio. Alipokuwa anafuatilia waya alimwambia kuna kitu kimepasuka hapa, mzee, hakina kazi, nimekiruka. Mwezi uliofuata gari likaanza kumisi. Mzee akahitimisha kwamba kijana ameiba koili nzuri akaweka mbovu. Alimwita mwizi mbele ya watu, pale pale gereji, na pesa ya redio hakumlipa.

Kijana alikosea, hilo ni kweli. Kurusha rizista na kuunga waya moja kwa moja ni kosa, na ndilo lililotusumbua miaka miwili. Lakini hakuiba kitu. Na lazima niseme, kwa umri wake angejuaje? Magari aliyojifunzia hayana pointi. Mafundi wawili waliomfuata, wakubwa kwake, nao hawakuliona. Aliyeipeleka koili dukani kama sampuli alinunua ile ile ya ohm 1.5, akafunga tatizo jipya mahali pa tatizo la zamani.

Nikamkumbuka tena kijana wa kompyuta. Ile soketi aliyoitafuta ilitokana na moshi wa California. Wakubwa wa hewa safi kule waligundua kwamba gari linalomisi linatema petroli mbichi kwenye ekzosi, ambayo inakwenda kuunguza kichujio cha moshi. Kuanzia magari ya mwaka 1996, gari dogo jipya linalouzwa Marekani lilitakiwa lijitambue lenyewe linapomisi na kumjulisha dereva. Ukisoma msimbo P0301, ni silinda ya kwanza. P0302, ya pili. P0300, inahama. Na kompyuta inajuaje? Inatazama mwendo wa krankishafti. Kila silinda inapowaka, krankishafti inasukumwa kidogo. Isipowaka, mzunguko unachelewa kwa muda mdogo mno. Kompyuta inahesabu meno ya gurudumu na kungojea lile lililochelewa. Nilipomweleza fundi wa Kihonda, akasema hata yeye ndivyo anavyofanya, ila anaweka kiganja kwenye boneti.

Rizista tuliipata Dar, Gerezani, kwenye duka la tatu, chini kabisa ya boksi, mwenye duka akituuliza mara mbili kama tuna uhakika. Mimi nilipendekeza tununue koili ya ohm 3 tumalize, ni rahisi zaidi. Mzee alikataa. Alitaka irudi kwenye matundu yale yale mawili. Fundi alifunga rizista, koili, pointi mpya, akaweka nafasi kwa fila geji, akarekebisha taimingi kwa taa. Jumapili tukaenda Chalinze na kurudi. Mama alikubali kuja, amekaa nyuma, mkoba mapajani, hakusema neno mpaka tulipopita lori la pili. Hapo akauliza kama tunaweza kusimama anunue nanasi.

Siwezi kusema limepona kabisa. Kwenye sailensa bado kuna kamtetemo, na hako hakahami, kako silinda moja. Tulipima mgandamizo, uko chini kidogo kuliko wenzake. Huenda ni valvu. Mzee amesema silinda hedi haifunguliwi mwaka huu, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameambiwa asirudi.

Usiku ule aliandika kwenye kaunta buku tarehe, rizista, pointi, na jina la fundi. Kisha akafungua ukurasa wa miaka miwili nyuma, penye bei ya kufunga redio ambayo hakuilipa, akaniuliza namba ya yule kijana kama bado ninayo. Ninayo, lakini haipatikani. Gereji alipokuwa wanasema alihama muda mrefu. Mmoja kaniambia anaonekana Msamvu, anafunga redio kwenye bajaji. Jumamosi naenda kumtafuta, mzee amesema tutakwenda wote, na gari.